Sensa ya umeme inaonyesha misuli ya mama inaitika, lakini vidole havifunguki. Ubongo unatuma ujumbe au najidanganya?

#1 Fundi_Kizuiani
Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu alipata kiharusi miezi tisa iliyopita, alfajiri, akiwa jikoni anachoma vitumbua vya biashara. Upande wote wa kulia ulilegea. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo hadi msikitini mtaa wa pili. Maneno nayo yamerudi, ingawa akichoka yanakokota. Mkono ndio umegoma. Umefumba ngumi kutwa kucha, namwekea leso iliyoviringishwa kiganjani ili kucha zisimchome. Yeye mwenyewe anasema, "Mkono unanisikia, ila haunitii."

Kauli hiyo ilinikaa kichwani. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nikaagiza sensa ndogo ya kunasa umeme wa misuli, nikaiunga kwenye Arduino (kibodi kidogo cha kielektroniki kinachopeleka vipimo kwenye kompyuta), nikachukua elektrodi, yaani vibandiko vya jeli kama vile vya kupimia moyo. Mbili nikazibandika nyuma ya kigasha, ya tatu kwenye mfupa wa kiwiko. Nikamwambia, "Mama, jaribu kufungua vidole." Havikusogea hata kidogo, lakini mstari kwenye kompyuta ukapanda. Nikamwambia apumzike, ukashuka. Tulirudia mara kumi, mara nane ukapanda.

Alipouona alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo ni mimi?"

Sikujua nimjibu nini. Ndiyo maana nipo hapa. Kama ujumbe unafika kwenye misuli, kwa nini vidole havifunguki? Na kama haufiki, mstari unapandishwa na nini?

#2 Kibo_TMK
Pole sana mkuu kwa kuuguza. Nakaa hapa nafuatilia, mjomba wangu ana hali hiyohiyo.

#3 Mhandisi_50
Pole mkuu. Usalama kwanza: kila mara mama anapokuwa na elektrodi mwilini, chomoa kompyuta kwenye chaji, itumie kwa betri tu. Chaji mbovu inaweza kupitisha umeme wa ukutani hadi kwenye ngozi yake.

Sasa swali lako. Misuli ikiamriwa kukaza, nyuzi zake hutoa umeme mdogo sana. Juu ya ngozi unakuta mikrovolti kadhaa, ikizidi sana milivolti chache. Umeme huo hutangulia mwendo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tena unaweza kuwepo pasipo mwendo wowote, kwa sababu nyuzi chache tu zikiamka sensa inaziona, wakati kunyanyua kidole kunahitaji nyingi ziamke pamoja. Kwa hiyo ulichokiona kinawezekana kabisa, na ndio msingi wa vifaa vyote vinavyosoma nia ya mkono wa mtu aliyepooza.

Lakini pia unaweza kuwa uchafu. Mawimbi ya misuli huwa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 na 500 hivi. Umeme wa nyumbani kwetu ni hezi 50, umekaa humo humo ndani. Mama akijitahidi anajikunja, waya unasogea, mstari unapanda.

Fanya hivi. Safisha ngozi kwa spiriti, iache ikauke, waya zibane kwa plasta. Halafu mtu mwingine arushe shilingi: kichwa, mama ajaribu kufungua; mwenge au namba, atulie. Wewe kaa unatazama kompyuta bila kujua shilingi imesema nini, andika unachodhani. Mara 20. Ukiwa unajua jibu, macho yako yatakusaidia kuona unachokitaka.

(Usilalamike kuhusu spiriti. Emil du Bois-Reymond, Mjerumani wa karne ya 19 aliyepima umeme wa misuli kwenye mkono wake mwenyewe, alijitia malengelenge akatoa ngozi ya juu ili umeme upite vizuri.)

#4 Bi_Tandika
Mwanangu Fundi, pole. Allah amfanyie wepesi mama.

Mimi baba yangu mzee amepooza mkono wa kushoto mwaka wa tatu huu. Mkono hauinuki kwa amri ya mtu yeyote. Lakini akipiga miayo, unapanda wenyewe taratibu mpaka kifuani, vidole vinalegea, miayo ikiisha unashuka. Mara ya kwanza mama alipiga ukelele tukajaa ukumbini. Jirani akasema mzee ana jini, aitwe mtu amsomee.

Nauliza wataalamu: hapo ubongo umetuma ujumbe au haujatuma? Maana mzee anaapa kwamba hakuuinua yeye.

#5 Ngosha_Ubungo
Mleta uzi, usijipe matumaini makubwa. Amepooza kulia maana yake ubongo wa kulia umekufa. Kilichokufa hakitumi ujumbe. Hiyo sensa inasoma umeme wa nyumba, au mama anasukuma bega na wewe huoni.

#6 Nesi_wa_Zamu
Ngosha, rekebisha hapo. Njia ya amri za mwendo huvuka kwenda upande wa pili sehemu ya chini ya shina la ubongo. Mkono wa kulia unaongozwa na ubongo wa kushoto. Ndiyo maana mama yake Fundi alisumbuliwa na maneno pia, kwa watu walio wengi lugha iko kushoto. Tena haufi upande mzima. Linakufa eneo lililokosa damu, au lililobanwa na damu iliyovuja, na nyuzi zinazopona zinatofautiana mtu na mtu.

Bi Tandika, shikamoo. Hilo la mzee linafahamika, hata lina jina la Kilatini, parakinesia brachialis oscitans. Si jini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba miayo inaanzia sehemu za chini na za kale za ubongo, ambazo mara nyingi kiharusi hakikuzigusa, na njia ya juu ikikatika hizo za chini zinapata nafasi ya kuuamsha mkono. Mwambie mzee haapi uongo. Kweli hakuuinua yeye.

#7 Bi_Tandika
Marahaba mwanangu. Umenitoa mzigo. Namsomea sasa hivi.

#8 Mhandisi_50
Bandiko #4 limeniharibia bandiko #3, na nashukuru. Kama misuli inaweza kuamka bila nia ya mwenyewe, basi mstari kupanda si ushahidi wa nia. Fundi, ongeza majaribio: mwambie mama akohoe, acheke, asukume bega, halafu abane kitu kwa nguvu kwa mkono mzima wa kushoto. Ukiona mstari unapanda vilevile, umepima kujitahidi kwa mwili mzima.

#9 Mnyooshaji
Nipo kwenye fiziotherapia miaka mingi, nazungumza kwa mikono niliyoishika.

Mnabishana kama ujumbe unafika. Kwa uzoefu wangu mara nyingi unafika, ila unafika kwa wasiotakiwa pia. Kawaida ukifungua kiganja, misuli ya nyuma ya kigasha inakaza na ya mbele inalegea. Baada ya kiharusi, amri ya kufungua inaamsha ya nyuma na ya mbele kwa pamoja. Ya kufumba ina nguvu zaidi, kwa hiyo inashinda. Mgonjwa anajitahidi kufungua, ngumi inazidi kufumba. Mwulize mama kama haoni hivyo.

Kwa hiyo sensa moja haitoshi. Weka ya pili upande wa mbele wa kigasha. Na hapo misuli imesongamana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni, elektrodi ya nyuma inaweza kusikia kelele za jirani.

Kuna vipimo viwili visivyohitaji umeme. Kwanza, kunja kifundo cha mkono kuelekea kiganjani, taratibu. Vidole vikilegea na kunyooka, vifundo vya vidole bado vizima. Pili, mtazame akiwa amelala usingizi mzito. Mkazo unaotoka kwenye neva hupungua usingizini. Kano iliyofupika haijui usiku wala mchana.

#10 Mchumia_Juani
Mimi nachangia uchungu tu. Kaka yangu alianguka saa mbili asubuhi. Kupata gari, foleni ya Kilwa Road, kituo cha kwanza wakatupa panadoli wakasema presha, cha pili ndiyo wakasema kiharusi. Jua lilikuwa limezama. Baadaye nikasikia kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini ina muda wake. Ningejua ningembeba mgongoni.

#11 Nesi_wa_Zamu
Pole sana kaka. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kichwa kipigwe picha kwanza, kwa sababu kama kiharusi ni cha kuvuja damu dawa hiyo inaweza kuua. Ungembeba mgongoni bado ingebidi umfikishe penye mashine na dawa yenyewe. Usijilaumu.

Na kwa wanaodhani ni ugonjwa wa wachache: utafiti uliofanyika Dar na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hapa Dar, Hai 109, baada ya kusawazisha umri. Pimeni presha wandugu.

#12 Fundi_Kizuiani
Asanteni wote. Majibu ya awamu ya kwanza.

Kompyuta ilikuwa kwenye betri, ngozi nimeisafisha, waya nimezibana. Mdogo wangu wa kike alirusha shilingi, mimi nimeupa mgongo uso wa mama. Kati ya 20 nimepatia 15.

Kukohoa: mstari unaruka, unashuka hapohapo. Kucheka vivyo hivyo (mdogo wangu alimkumbusha siku baba alipovaa viatu viwili tofauti kwenda harusini). Bega: kidogo sana. Kubana kwa mkono wa kushoto: unapanda, si kama wa kufungua, ila unapanda.

Mnyooshaji, nimemwuliza. Kasema, "Ndiyo, nikiusukuma kufunguka unanikunjia uso."

#13 Ngosha_Ubungo
Nesi, nimekubali kosa la upande. Lakini 15 kwa 20 mbona ni sawa na kubahatisha vizuri?

#14 Mhandisi_50
Siyo. Kwa kubahatisha tupu, kupata 15 au zaidi kati ya 20 kunatokea kama mara mbili katika majaribio mia moja ya namna hiyo. Kuna kitu pale. Kitu gani, ndiyo hatujajua. Kwa kuwa alikuwa anajitahidi kila kichwa kilipotoka, tumethibitisha kujitahidi. Kufungua bado.

#15 Kibo_TMK
Wakuu, mbona Wazungu wameshamaliza kazi hii? Meta, wenye Facebook, mwaka 2025 wametoa miwani na bangili inayosoma misuli ya mkono, unasogeza kidole unaandika. Kabla yao kulikuwa na ile Myo. Si anunue tu moja amfunge mama?

#16 Mhandisi_50
Bangili ya Meta inakaa kwenye kifundo na imetengenezwa kwa watu ambao amri zao zinafika safi. Myo ya Thalmic Labs ya Kanada ilikuwa na sensa nane kuzunguka kigasha, watafiti wengi waliipenda kwa bei yake, lakini ilisoma mara 200 tu kwa sekunde, na ilisitishwa 2018.

Walio karibu na shida ya mama ni wengine. Battelle, taasisi ya utafiti ya Columbus, Ohio, Marekani, wana soksi ya mkono yenye elektrodi zinazofika 150. Hawabahatishi msuli upi uko wapi, wanasoma kigasha kizima kama ramani, kisha wanaifundisha programu: ramani hii alikuwa anajaribu kufungua, hii kubana kwa vidole viwili. Hapo hata misuli yote ikiamka kwa fujo kama anavyosema Mnyooshaji, fujo ya kufungua na fujo ya kufumba zinaweza kuwa na sura mbili tofauti. Programu inatambua sura.

Kuna pia MyoPro, asili yake utafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Ni gamba linalovaliwa mkononi lenye mota. Linasoma umeme dhaifu wa mgonjwa mwenyewe, linamsaidia kusogea. Hakuna kubuni nia. Asipojaribu, halisogei.

#17 Bi_Tandika
Huo uzuri wote uko kwao. Mzee wangu yuko Tandika.

#18 Mhandisi_50
Kweli mama. Lakini kazi yenyewe si uchawi. Unakata mawimbi vipande vya sehemu ya tano ya sekunde hivi, unapima ukubwa wa kila kipande, mara ngapi umevuka sifuri, na urefu wa mstari ukinyooshwa. Namba hizo unazipa programu ndogo. Njia hiyo imetumika kwenye utafiti wa mikono ya bandia tangu miaka ya 1990. Hapa Dar kuna vijana wanaosoma uhandisi wa vifaa tiba, DIT na Muhimbili. Ugumu uko kwenye mgonjwa: leo kachoka, kesho elektrodi zimekaa sentimita moja pembeni, ramani ya jana haitumiki.

#19 Kidato_Tano
Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alisema mgonjwa akijaribu mkono mara nyingi ukashindwa, ubongo unajifunza kuuacha. Njia inaweza kuwa imeponea lakini haitumiki. Dawa yake, unafunga mkono mzima kwa glavu nene, unalazimisha ule mgonjwa ufanye kazi. Utafiti wa EXCITE wa 2006 ulikuwa na wagonjwa 222, wiki mbili za glavu, wakapata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mama afungwe mkono wa kushoto.

#20 Mnyooshaji
Hapana! Fundi, usimfunge.

Kidato Tano umesoma vizuri ila umeruka sharti. Walioingia EXCITE ilibidi waweze kunyoosha kifundo, kidole gumba na angalau vidole viwili kwa nyuzi 10 au zaidi. Mama hana hata nyuzi moja. Ukimfunga kushoto hatakula, hatashika fimbo, ataanguka. Wazo la kujifunza kuuacha silipingi, nimeliona. Linaweza kuwa kweli kwa mama pamoja na langu.

#21 Kidato_Tano
Nimekuelewa mkuu, samahani Fundi. Ila nauliza: ile siku mama alipouliza "huyo ni mimi?", si ndiyo mara ya kwanza miezi tisa ubongo wake kupata jibu kutoka kwenye ule mkono? Labda huo mstari wenyewe ni tiba, hata usipotambua chochote.

#22 Nesi_wa_Zamu
Hilo si wazo la ajabu. Kumwonyesha mgonjwa umeme wa misuli yake ili ajifunze kuuongoza kumefanywa miaka mingi. Pia kuna mashine inayosubiri umeme wa mgonjwa ufike kiwango fulani ndipo inampa mshtuko mdogo kwenye misuli ya kufungua. Matokeo yanatofautiana. Fundi, hiyo ya mshtuko usiitengeneze nyumbani.

#23 Fundi_Kizuiani
Siitengenezi, nimeahidi.

Awamu ya pili. Sensa mbili: ya nyuma ya kigasha naiita juu, ya mbele naiita chini.

"Fungua": juu inapanda kwanza, kisha chini inapanda na kuipita. Kati yao kuna mwanya mdogo, kwa macho yangu chini ya nusu sekunde.
"Fumba": chini inapanda mara moja, juu inafuata kidogo.
Kubana kwa kushoto: chini inapanda, juu haisogei sana.
Akiwa ametulia: chini haishuki kabisa kamwe, ina mnong'ono muda wote.

Nikafanya kitu ambacho hamkunituma. Nilimwambia, "Mama, usijitahidi. Fungua kidogo tu, kama unaachia kitumbua kisiungue." Juu ikapanda kidogo, chini ikabaki kwenye mnong'ono wake. Vidole havikufunguka. Lakini kidole cha shahada kilitetemeka, mdogo wangu aliona, mama aliona. Tukarudia, hakikutetemeka tena.

#24 Mnyooshaji
Hiyo ndiyo hoja yangu. Nguvu nyingi inamwamsha adui. Amri ndogo inapita.

#25 Mhandisi_50
Naona tofauti kidogo. Mpangilio wa nani katangulia ni sura mbili tofauti, yaani nia inasomeka kwa sensa mbili tu. Lakini mwanya usiupime kwa macho. Sensa yako huenda inatoa mawimbi yaliyolainishwa, na kulainisha kunachelewesha. Soma yale ghafi, mara 1,000 kwa sekunde.

#26 Ngosha_Ubungo
Mimi nabaki na shaka yangu, kwa nia njema. Kutetemeka mara moja si kufunguka. Mnong'ono wa chini unaonyesha mkono unabanwa hata bila amri. Hapo tatizo si ujumbe, ni breki isiyoachia. Huo mkazo ukipunguzwa, kwa mazoezi au ile sindano ya Botox wanayochoma kwenye misuli ili ilegee, ndipo tutajua kama ujumbe una nguvu.

#27 Nesi_wa_Zamu
Leo Ngosha nakuunga mkono. Hilo aulizwe daktari wa neva kliniki ijayo.

#28 Fundi_Kizuiani
Nitamwuliza, na nitampelekea michoro.

Usiku wa kuamkia leo nilikaa na mama kama alivyosema Mnyooshaji. Saa tisa usiku alikuwa anakoroma. Nikawasha tochi ya simu, nimeiziba kwa kidole mwanga usimpige usoni. Leso imeanguka kwenye shuka. Ngumi imelegea, kiganja nimekiona chote, mistari yake yote, na alama nne za kucha. Nikanyanyua kidole cha shahada, kikaja. Cha kati kikaja. Cha pete na cha mwisho vilikuja nusu, vikagoma. Mama akajigeuza, akaamka, na mkono ukafumba nikiwa bado nimeushika.

#29 Mnyooshaji
Viwili vya mwanzo ni mkazo wa neva. Viwili vya mwisho naogopa kano zimeanza kufupika. Anza kuvinyoosha kila siku taratibu, kifundo kikiwa kimekunjwa kwanza, na daktari atazame kama anahitaji kibao cha kufungwa usiku kuvishikilia vidole vikiwa vimenyooka.

#30 Mhandisi_50
Au usingizi haukuwa mzito wa kutosha. Rudia siku tatu kabla ya kuamua.

#31 Bi_Tandika
Mwanangu Fundi, mzee kasikia habari zote hizi. Anauliza kama hiyo mashine inaweza kumwonyesha mstari wake wakati wa miayo na wakati anapojaribu kwa nia, aone vinafananaje. Anasema siku hiyo atapunguza chai ili usingizi umpate.

#32 Fundi_Kizuiani
Shikamoo mama. Jumamosi nafunga duka saa nane, nitakuwa Tandika kabla ya saa kumi. Nakuja na sensa zote mbili, elektrodi mpya na kompyuta iliyojaa chaji. Mzee asipake mafuta mkono ule asubuhi hiyo.